Kondomu za Mtumbwini

Nilipojifungua mtoto wa pili, kwa kisu kama wa kwanza, nesi aliniambia mbele ya mume wangu kwamba nisishike mimba kabla ya miaka miwili, maana mshono unaweza kuachia. Sindano ya uzazi wa mpango ilishanitoa damu mwezi mzima, kwa hiyo tukachagua kondomu. Nesi akasema hakuna kinga isiyokosea kabisa, ila hizi zinazuia vizuri zikivaliwa kila mara, mwanzo hadi mwisho, na zisipoachwa juani. Mume wangu aliitikia kila neno kama mwanakwaya. Akapewa boksi zima.

Boksi akalibeba yeye, eti watoto wasije wakapuliza maputo. Likaenda naye kambini kule Kivukoni, anakovua kambale na kitoga. Wavuvi wetu, kwa akili zao nyingi, wamegundua kwamba kondomu inakinga maji: unatia kiberiti au simu, unapiga fundo, mtumbwi ukipinduka vitu vyako vikavu. Akagawia kambi nzima. Mkarimu huyo!

Akirudi nyumbani hana hata moja. "Leo nitajichunga, mke wangu." Nami kwa kuchoka kubishana nilikubali. Hilo sijajisamehe.

Mwaka haukuisha, mimba ikaingia. Nesi akamwita mume wangu kliniki. Alikuja moja kwa moja kutoka mtoni, ananuka shombo, akaanza kufoka kabla hajakaa.

"Nesi, kondomu zenu za bure ni bomu! Zinavuja!"

"Mlitumia kila mara, baba?"

"Kila mara! Mimi mtu mzima."

Hapo simu yake ikaita. Akatoa mfukoni kitochi chake kikiwa ndani ya kondomu, kimefungwa fundo, kinawaka na kuimba. Akahangaika kulifungua fundo kwa meno. Nesi akanigeukia mimi. Sikucheka. Sijawahi kumdharau mtu kama nilivyomdharau mume wangu siku ile, na nilikuwa naogopa kufa.

Nilipasuliwa mara ya tatu. Mshono ulikuwa umeachia. Mtoto alipona, kizazi kikatolewa. Kijiweni mume wangu bado anahubiri kwamba kondomu hazizuii kitu, na wenzake wanamuunga mkono.

Kitochi anacho mpaka leo. Hakijaingia hata tone la maji.