Mashine ya Teresa Haina Haraka

Ukishuka Asumbi na karatasi ya kuchapishwa, usijifanye mjanja wa mjini ukakaa kwenye benchi kungoja. Pita kwanza kwa Teresa Adhiambo, mwambie awashe kompyuta, halafu nenda zako. Kanyolewe. Kanunue sukuma wiki, umsalimie shemeji yako, mgombane kidogo, mpatane. Ukirudi utamkuta Teresa ameegemea kaunta, na ule mduara mdogo bado unazunguka kwenye skrini. "Inaamka," atakwambia. Ukiuliza inaamka lini, atakumiminia chai.

Mashine hiyo ilibeba lawama za watu wengi. Harusi ikichelewa, kadi zilikuwa kwa Teresa. Mkutano wa wazazi ukiahirishwa, ajenda ilikuwa kwa Teresa. Kuna jamaa mmoja aliyelala nje usiku kucha, akamwambia mkewe ni mashine ya Teresa, na mke, kwa sababu aliijua mashine yenyewe, akamwamini.

Wala si kwamba Teresa hakujua kazi. Alifundishwa kupiga taipu na masista akiwa msichana, na vidole vyake vilikuwa vinakimbia hata akiwa anazungumza na mtu wa tatu dirishani. Kazi iliyompa jina ni historia za marehemu, zile zinazosomwa mazishini. Familia ilimletea maisha ya mtu yameandikwa kwa kalamu, na yeye akayanyoosha. Hakuna marehemu aliyewahi kutoka kwa Teresa akiwa mlevi. Aliyekunywa alitoka akiwa mpenda watu, na mchoyo alitoka akiwa mtu wa mipango. Mume wake mwenyewe, ambaye sasa ni miaka mingi yuko kaburini, Teresa alimwandika bila kumwongezea chochote, na hilo linampa fahari mpaka leo.

Watoto wake walikuwa wameshaondoka nyumbani. Siku nzima alishinda na Roseline, fundi cherehani waliyegawana naye veranda, mwanamke mwenye masikio mazuri kupita kiasi. Roseline angeweza kushona kola, kuimba wimbo wa kwaya na kusikiliza maongezi ya watu, vyote kwa mpigo.

Sasa nikuambie kuhusu Alhamisi.

Kila Alhamisi alikuja Elkanah Nchagwa, Mkuria wa Ntimaru, na pikapu ya mahindi na maharagwe ya kupeleka shuleni. Alikuwa mwembamba, amefiwa na mke, na kofia ya kahawia haimwachi. Dholuo, lugha ya huku kwetu, yeye alikuwa hakijui, Kikuria Teresa alikuwa hakijui, kwa hiyo waliachiwa Kiswahili. Na Kiswahili cha Nchagwa, jamani, kilikuwa kimepigwa pasi, mambo ya kukaa jirani na Tanzania. Sisi huku tunasema "nipee chai." Yeye alisema, "Naomba chai, mama, kama ipo." Teresa aliirudia ile "kama ipo" peke yake akifagia, akicheka.

Alichokuja kuchapisha ni karatasi moja ya kukabidhi mzigo. Moja tu. Alikaa kwenye benchi, akaweka kofia gotini, na wakati mashine inaamka wakaongea. Alimweleza habari za ng'ombe wake mmoja mwenye kiburi, habari za mvua ya kule kwao, habari za binti yake aliyekataa ualimu akaenda kuendesha trekta. Teresa alimsomea marehemu wa wiki hiyo, naye Nchagwa akauliza kwa upole, "Na ukweli wake ulikuwa upi?" Teresa akamwambia ukweli wake, wakacheka mpaka Roseline akasimamisha cherehani.

"Kitabu cha delivery chenye karatasi hizo hizo kinauzwa kila duka mpaka huko kwao," Roseline alisema Alhamisi moja, pikapu ikishapotea barabarani. "Huyu mtu anatoka Ntimaru yote hiyo kuja kuchapisha karatasi moja?"

"Anapenda kazi safi."

"Hiyo kazi safi iko kwa karatasi ama kwa kikombe?"

Teresa alijifanya anahesabu karatasi. Unajua watu wetu. Mwanamume akikaa kwa mwanamke aliyefiwa bila sababu, kufika jioni wameshawaoza na kuwagombanisha. Lakini akiwa anangoja karatasi, huyo ni mteja, na mteja hana maneno. Nchagwa alikuwa mteja. Alikuwa mteja kwa muda mrefu kabisa kila wiki, na Teresa alimshukuru Mungu kwa mashine mbovu.

Basi Jumanne moja akatokea Bonface, mtoto wa kaka yake, mwenye duka la kutengeneza kompyuta Homa Bay mjini. Bonface ni mtu mzima, ana mke na kitambi kinachoanza, lakini mbele ya Teresa bado anamwita Waya, jinsi Wajaluo wanavyomwita shangazi, na bado anaingia akiwa ameshafungua sufuria kuona kuna nini.

"Waya, nimekuletea zawadi." Akatoa mfukoni kitu chembamba, kidogo kuliko simu. "Hii ni diski ya SSD. Nikitoa ile yako mzee niweke hii, mashine itaamka kabla hujavuta kiti."

"Kabla sijavuta kiti?"

"Kabla."

"Na maji ya chai je?"

"Maji gani tena, Waya?"

Teresa alikaa. Mwanamke mzima, mwenye wajukuu, na moyo unamdunda kwa sababu ya kitu kidogo kuliko kipande cha sabuni. Aliiona Alhamisi yote ikipita mbele yake: Nchagwa anaingia, karatasi inatoka, Nchagwa anasema asante mama, pikapu inaondoka. Akikaa baada ya hapo, amekaa kufanya nini? Asumbi nzima ingeuliza, na wa kwanza angekuwa Roseline.

"Shida ni kwamba ni ndogo," Bonface akaendelea, mdomo umejaa nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha aliyoyakuta sufuriani. "Haiwezi kubeba mizigo yako yote. Wewe uamue tunaweka nini na tunaacha nini."

Hapo Teresa akaona mahali pa kupenyea. "Weka zote."

"Zote gani?"

"Windows. Ya kuandika. Ile ya maua ya mazishi. Video za kwaya, zote, tangu tulipoenda Kisumu. Ule mchezo wa karata. Ile ya ramani. Ile ya kufundisha watoto majina ya wanyama."

"Waya, hakuna mtoto hapa."

"Anaweza kuja. Na nyingine yoyote nzito uliyo nayo huko dukani, niongezee."

Bonface aliacha kutafuna. "Hii si gunia, Waya. Ukiijaza pomoni na yenyewe itaanza kuburura miguu."

"Itaburura?" Teresa akauliza, na uso wake ukang'aa kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepata nafuu. "Sana?"

"Yawa! Dunia nzima inalilia spidi, wewe unataka konokono?"

"Sitaki konokono. Nataka iwe na adabu kidogo. Isikurupuke mbele ya watu."

Kwenye veranda cherehani ilinyamaza. Roseline alikuwa ameinamisha uso kwenye sketi ya shule, na mabega yanatetemeka.

Bonface akasema haya, kabla hajafungua chochote acha aone kwanza ndani ya ile ya zamani kuna nini. Akaiwasha. Akala sahani ya nyoyo, akala na ya pili, akalala kidogo ameegemea ukuta. Ilipoamka akasogea, akabonyeza hapa na pale, na ghafla akapiga mluzi.

"Waya. Hii mashine si mzee. Imefungwa kamba. Kuna antivairasi tatu humu ndani."

"Hizo ni dawa za virusi. Ni nzuri."

"Moja ni nzuri. Tatu zinagombana. Kila moja inaona mwenzake ndiye mwizi, basi zinapekuana kutwa nzima na kazi yako inangoja mlangoni. Hakuna fundi anaweza kufanya hivi. Nani alikuwekea?"

Teresa aliikumbuka vizuri ile Alhamisi ya mvua, Nchagwa amesimama na flashi mkononi: "Mashine hii haina dawa, mama. Naomba niiwekee." Akaiweka. Baada ya muda akasema ile imepitwa na wakati, akaweka nyingine. Msimu wa mavuno akasema kuna virusi vipya vinatoka upande wa mpakani, akaweka ya tatu. Na kila alipoweka, mashine ilizidi kusinzia, na yeye Teresa akadhani ni umri.

Kwanza alikasirika, tena sana. Aliwakumbuka watu waliosimama hapo na jeneza liko njiani, na yeye anaomba msamaha kwa niaba ya mashine. "Huyu mtu amenichezea!" akasema kwa sauti. Halafu ile hasira, katikati ya safari, ikageuka kicheko, akaziba mdomo kwa leso. Kwa hiyo hata yeye! Kwa hiyo miezi yote hiyo walikuwa wawili!

Lakini kicheko hakikumaliza dakika, kwa maana wazo jingine lilimwingia na kumpoza kabisa. Na kama hakuwa mjanja? Kama alikuwa tu mtu mwema asiyejua kompyuta, mwenye imani kubwa na dawa? Watu kama hao wapo. Kuna anayekunywa ya malaria akiumwa na jino. Basi yeye Teresa atakuwa amejichekesha peke yake kwa miezi, kwa mwanamume aliyekuwa anangoja karatasi.

Hilo alitaka kulijua. Alilitaka kuliko alivyozitaka Alhamisi zenyewe.

"Bonface," akasema. "Weka Windows, weka ya kuandika, weka ya printa na ile ya mazishi. Basi."

"Na kwaya?"

"Kwaya iende kwa flashi. Roseline atakaa nayo."

"Antivairasi?"

"Ile inayokuja na Windows yenyewe inatosha. Nataka iamke kama umeimwagia maji."

Bonface alimtazama shangazi yake, akamtazama Roseline, akaona heri achukue bisibisi.

Alhamisi ikafika. Teresa alivaa gauni la kijani alilosema ni kwa sababu lile jingine liko majini. Chai aliipika mapema na kuificha nyuma ya pazia, kwa sababu hakutaka imsaidie mtu yeyote kuamua. Pikapu ikasimama. Nchagwa akaingia, akasalimia, akaanza kuvua kofia huku akielekea kwenye benchi lake.

Teresa akabonyeza. Skrini ikawaka. Kofia ilikuwa bado haijatoka kichwani vizuri na printa ilikuwa imeshatema karatasi.

"Tayari," Teresa akasema.

Nchagwa aliipokea. Aliitazama juu, akaitazama nyuma ambako hakukuwa na kitu. Nusu yake ilikuwa imeelekea benchi na nusu imeelekea mlango, na masikini hakujua atumie ipi. Cherehani ya Roseline ilikuwa kimya, sindano iko juu.

"Imepona," akasema.

"Imepona kabisa."

"Mungu ni mwema." Mkono wake ukaenda mfukoni polepole, ukatoka na flashi. "Lakini mashine mpya, mama, ndizo zinazoshambuliwa zaidi. Naomba niiwekee—"

"Zilikuwa tatu, Nchagwa."

Nchagwa akatazama viatu vyake, vyenye vumbi la barabara yote ya kutoka Ntimaru. Teresa akamkazia macho. Aseme sasa. Aseme alidhani zinasaidia, na mambo yaishe hapo.

"Ya nne," Nchagwa akasema kwa sauti ya chini, akiinua flashi, "ninayo hapa."

Teresa alicheka mpaka akashika kaunta. Alicheka machozi yakamtoka, na Nchagwa, alipoona hafukuzwi, akaanza kucheka naye kwa woga, halafu bila woga. Teresa akavuta pazia, akatoa thermosi na vikombe viwili, akaviweka pale pale kaunta, mbele ya Roseline na mbele ya barabara nzima.

"Rudisha hiyo kitu mfukoni," akamwambia. "Na ukae. Leo hatungoji karatasi."

Nchagwa akakaa. Roseline aliendelea kushona na baadaye akagundua ameweka mfuko wa sketi ndani nje. Maharagwe ya shule yalifika yamechelewa sana siku hiyo, mpishi akauliza kama ni ile mashine tena, na dereva wa bodaboda aliyekuwa amepita pale akamwambia aache kabisa kuisingizia mashine ya Teresa.