Benchi la Mlangoni

Jumamosi iliyopita nilimfunga mtoto mgongoni, nikashuka kwenye barabara ya Bondo, nikapanda kilima hadi kanisa la mawe kuomba abatizwe. Sikuwa nimeingia mle tangu tumzike dani, yaani nyanya yangu aliyenilea. Harufu ilinikamata kabla sijamwona mtu: mawe yenye unyevu, mavi ya popo, vumbi la miaka. Nikasimama tu. Ungeniona ungedhani nimepotea njia. Nilikuwa na miaka saba tena.

Kanisa lile lilijengwa na Waingereza, na walilijenga kana kwamba hawajaondoka kwao. Paa limesimama wima ili barafu iteleze. Chumba cha padri kina mahali pa kuota moto, kwenye joto hili la ziwa ambalo hata kuku hutembea mdomo wazi. Nilikuwa naingiza kichwa kwenye lile bomba la moshi na kutazama juu, naona kipande cha mbingu saizi ya sahani, mbayuwayu wakikatiza. Niliamini kabisa kwamba nikingoja vya kutosha barafu itaniangukia usoni. Dani alikuwa anacheka. "Nyakwara, mjukuu wangu, toa kichwa. Mzungu alienda na baridi yake."

Kila Jumamosi tulikuwa sisi wawili. Mimi nafagia, yeye anafua kitambaa cha madhabahu, anakitia maji ya muhogo kikauke kigumu, kisha anakipiga pasi ya makaa juu ya meza ya padri. Ile harufu ya muhogo ikipata moto, hadi leo ikinipitia mahali popote lazima nigeuke. Jioni jua lilikuwa linaingia kwa dirisha la vioo vya rangi, sakafu inageuka nyekundu na buluu, na mimi nalala chini nikitazama rangi zikitembea mikononi mwangu pole pole, mpaka zinafika kwa viwiko na kuisha. Halafu tunakaa kwa ngazi tunakula nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyopoa, ziwa likiwaka huko chini kama mabati mapya.

Jumapili tulikaa benchi la mwisho, mlangoni. Watu wakipanga laini kwenda kwenye Meza ya Bwana, dani alibaki. Nikimuuliza, jibu lilikuwa moja. "Nimeshiba." Nikamwamini, kwa sababu kweli tulikuwa tumekunywa uji.

Sasa Jumamosi moja nikapata mkebe wa ile mikate myembamba myeupe kwa kabati ya padri. Nikachukua mmoja, nikamletea akipiga pasi. "Dani, leo kula. Bado hujashiba."

Aliutazama ule mkate mpaka nikasikia kitambaa kinaungua. Aliinua pasi haraka, lakini alama ilikuwa imebaki, ya kahawia, imechongoka kama jani. Hakunipiga. Aliurudisha mkate kwa mkebe, akafunga, akageuza kitambaa ile alama ikae upande wa ukutani. Nilidhani amekasirika kwa sababu ya kitambaa.

Jirani yetu ndiye aliyeniambia, akimenya njugu, kana kwamba anazungumzia mvua. "Nyanya yako aliolewa wa pili. Bibi wa pili hakubaliwi kula pale." Aliolewa akiwa msichana, hakuna aliyemuuliza. Kumbe mikono yake ilifaa kufua kitambaa cha ile meza, mdomo wake ndio haukufaa. Miaka yote hiyo. Naandika hii na meno yameumana.

Basi Jumamosi hii iliyopita karani wa kanisa akatokea, kijana wa rika langu, na kitabu cha ubatizo mkononi.

"Baba ya mtoto ako wapi?"

"Hayuko."

"Hayuko kazini, ama hayuko tu?"

"Hayuko tu."

Akafunga kitabu. "Hiyo itakuwa Jumatano, mama. Jumapili ni ya wenye ndoa. Na siku hiyo utakaa pale."

Nikatazama alikoonyesha, kule mlangoni. Benchi halipo. Yote yameondolewa, kuna viti vya plastiki vinavyofanana, huwezi kujua cha mwisho ni kipi. Dirisha la rangi limetiwa kioo cheupe. Madhabahu ina kitambaa cha nailoni kinachometameta, hakihitaji pasi. Nilikigeuza upande wa ukutani, ndiyo, mbele ya karani, nikijua sitaona alama yoyote. Mwanga sakafuni ulikuwa mwanga tu. Kila kitu cha dani kimeenda isipokuwa mahali pake, na kidole cha huyu kijana kilipajua bila kutafuta.

Nikarudi hatua chache hadi viti vya mbele kabisa. Ile safu ya mbele dani aliipangusa kila Jumamosi na sikumwona akiikalia hata siku moja. Nikakaa. Nikamfungua mtoto, nikampa titi.

"Mama, padri yuko Kisumu. Utangoja sana."

"Nitangoja."

"Na akikuambia vile nimekuambia?"

"Aje aniambie hapa mbele, nikiwa nimekaa."

Mtoto alinyonya mpaka akaachia mwenyewe, mdomo wazi, maziwa yakimtoka pembeni. Karani akaenda kuvuta kiti, akakaa kule mlangoni.