Bisibisi Yenye Alama za Meno

Bitana za breki zikiungua hunuka kama pembe ya ng'ombe iliyotupwa motoni. Wiki iliyopita lori langu moja liliingia uani likinuka hivyo, na gurudumu la nyuma linasaga. Fundi, kijana mwenye cheti, alilizunguka mara tatu ameinamisha sikio. Nikaingia ndani, nikamletea bisibisi ndefu yenye mpini wa mti.

"Ng'ata mpini, ncha iguse ekseli, mimi nizungushe gurudumu."

"Bibi, mimi nasikiliza kwa masikio," akacheka.

Na wewe unayesoma cheka tu. Ila mpini huo una alama za meno, na si za panya. Ni za baba yangu.

Mimi shule niliishia darasa la pili. Malori haya nimeyapata kwa pamba na mpunga, sikurithi hata tairi. Lakini kujua gari linaumwa wapi, hilo nilifundishwa hapa hapa Shinyanga, miaka ya hamsini, nikiwa na umri wa kama miaka minane.

Mama alifariki akinizaa. Bibi aliyenilea naye alipofariki, nilipelekwa kwa baba, Masanja, ambaye sikumjua vizuri. Zamani alipasua miamba kwa baruti kwenye machimbo ya dhahabu kule Geita. Sasa alikuwa dereva wa lori kuukuu la mfanyabiashara wa pamba tuliyemwita Tajiri. Nyumbani hapakuwa na mtu, basi nilikulia kwenye kiti cha mbele cha lori. Kutwa Maganzo na Shinyanga, vumbi mdomoni, injini inanguruma miguuni, na baba kimya. Nilimweleza ndoto zangu. Nilimwuliza kwa nini mwezi siku nyingine huonekana mchana. Alitazama barabara.

Lililoniuma zaidi ni salamu. Kwetu Usukumani mtoto akisema "Mwangaluka" asubuhi, huitikiwa hata na asiyempenda. Baba siku nyingine aliitikia vizuri tu. Siku nyingine nilimsalimia ameinama kwenye injini, hata kugeuka hakugeuka. Nilijiona kama mbuzi wa jirani. Nikajiambia amenuna kwa sababu nilimuua mama.

Ndipo lori likaanza kulia. Tajiri alimsimamisha baba mbele ya ghala la pamba.

"Masanja, watu wa Maganzo wananiuliza kama nabeba pamba au nabeba fisi. Husikii?"

"Nasikia, Tajiri. Ni breki hizo."

"Breki hulia mtu akizikanyaga. Hili linalia hata likitembea. Likilia mpaka Jumamosi, nampa mtu mwingine."

Baba alinikalisha juu ya debe, uso kwa uso. "Kabula, linaliaje?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza kitu. Nikaliigiza: krrr, krrr likitembea, nyuma kushoto, kwiii akikanyaga breki. Alinikazia macho mdomoni, akataka nirudie. Nilidhani ananicheka.

"Basi ni magonjwa mawili," akasema.

Akapiga jeki. Akang'ata mpini wa bisibisi, akagusisha ncha kwenye ekseli, mimi nikasukuma gurudumu kwa mikono miwili. Alifumba macho kama mpishi anayeonja mchuzi. "Beringi," akasema. "Gololi imepasuka." Alipofungua, kweli, gololi moja ilikuwa nusu. Na bitana za breki zilikuwa zimekwisha, ribiti zake zinakwangua chuma. Beringi nyingine aliing'oa kwenye lori lililokufa. Bitana alizichonga kutoka mkanda mkuukuu wa mashine ya pamba. Siku mbili nilikaa mbele yake nikimshikia ribiti, na kila nilichouliza alinijibu. Hata habari ya mwezi.

Ijumaa Tajiri akaliendesha mwenyewe, akafunga breki, akalirudisha. Kimya. Akafurahi, akanipa kipande cha sukari guru. Baba alikuwa ametugeuzia mgongo, anafuta mikono.

"Masanja!" Tajiri akaita. Akaita tena. Kisha akaniuliza kwa utani, "Baba yako leo ana maringo?"

Nikakumbuka salamu zangu zote zilizoanguka chini. Nikasema, "Baba hasikii."

Nilisema alivyozoea kusema bibi: mtoto huyu hasikii, sikio la kufa halisikii dawa. Nilimaanisha mkaidi. Tajiri hakucheka. Aliokota spana, akaiachia juu ya debe tupu, nyuma kabisa ya baba. Kuku wakaruka. Baba akaendelea kufuta mikono, kidole kwa kidole.

"Tangu lini?" Tajiri akaniuliza.

"Siku zote," nikasema, nikilamba sukari yangu.

Jumamosi lori lilikwenda Mwanza na dereva mwingine, limetulia kama maji ya mtungini. Simlaumu Tajiri. Dereva asiyesikia honi huua watu. Mimi mwenyewe leo nisingemwajiri. Sisi tulikwenda Masumbwe kwa shangazi, baba akashika jembe, hakushika usukani tena. Hakuniuliza nani alisema.

Nilikuwa binti mkubwa nilipoelewa kwamba baruti ya Geita ilichukua masikio, ikamwachia meno ya kusikilizia mtetemo. Salamu alizoitikia ni zile alizoziona.

Fundi wangu kijana hatimaye aling'ata mpini, huku akinitazama kwa aibu. Nikazungusha. Macho yakamtoka. "Beringi, bibi."

Nilikaa na baba miaka ishirini baada ya hapo, nikimpigia kelele na kumwonyesha kwa mikono, na bisibisi imening'inia ukutani. Haikunijia hata siku moja kumpa mpini ang'ate, ncha niiweke kwenye taya langu, nimwambie "Mwangaluka, baba." Na lile lingine, la siku ile ya sukari guru, ambalo nilipaswa kumwambia uso kwa uso tu, bila bisibisi, nalo sikumwambia.