Kurasa Nane za Marlys Kangas

Marlys Kangas alipiga picha za eksirei miaka thelathini na moja, hospitali ileile, chumba kilekile, na tusidanganyane, alikuwa hodari. Mgonjwa aliyevunjika nyonga alimgeuza bila kumliza. Kila picha aliitia pembeni herufi zake mbili za madini ya risasi, MK, ijulikane nani kaipiga. Herufi hizo alizibandika nyuma ya kitambulisho chake na hakumwazima mtu.

Kilichomchefua ni masomo tu. Katika kazi hii leseni haikai bila pointi ishirini na nne kila miaka miwili, na hesabu hufungwa kabla ya mwezi wako wa kuzaliwa. Ndiyo maana pale idarani siku yako ya kuzaliwa ikikaribia hakuna aliyeulizia keki. Waliulizana, "Umefikisha?" Marlys alizaliwa Machi. Kila zamu yake ilipofika, Februari inaisha, theluji imefika madirishani, yeye ndiyo kwanza anakumbuka.

Sasa, palikuwa na Faili la Kijani. Lilikaa droo ya chini, limefunikwa na maboksi ya glavu, na ndani mlikuwa na majibu ya mitihani yote, yamekusanywa na wapiga picha waliostaafu na wengine waliokwisha kufa. Unafungua mtihani kwenye kompyuta, unanakili, cheti kinatoka. Somo lenyewe nani alikuwa na haja nalo? Mkuu wa idara, Duane Peltonen, alilijua faili hilo vizuri mno. Nusu yake aliiandika yeye.

"Umebakiza ngapi, bibi harusi?" alimtania Februari ile.

"Mbili."

"Mbili, na siku nne? Utakuja kuuza samaki wewe. Chukua lile somo la mirija ya kulishia wagonjwa. Dakika kumi tu, hata pasti yako haitapoa."

Haikupoa kweli. Marlys alijaza kwa mkono mmoja, wa pili umeshika pasti, ule mkate wa kuokwa wenye nyama na viazi, makombo yakidondoka kwenye kibodi. Swali la saba: ukiona ncha ya mrija imeingia pafuni, ufanye nini? C. Akapata mia kwa mia. Somo lenyewe, kurasa nane na picha zake, hakulifungua.

Wiki tatu baadaye akalazwa Aili Saari, mke wa mzee Arvo, aliyechimba shaba shimo moja na babake Marlys. Kiharusi kilikuwa kimemnyima kumeza, basi asubuhi ya Jumanne wakamwingiza mrija puani ushuke tumboni. Agizo lilikuwa wazi: apigwe picha, daktari aisome, ndipo apewe chakula. Lakini daktari wa kusoma alikaa mji mwingine, mbali, na siku hiyo dhoruba ilikuwa imegonganisha magari barabarani. Foleni ya picha za majeruhi alizopaswa kusoma ilikuwa ndefu.

Marlys alisukuma mashine mpaka kitandani, akapiga. Picha ikatokea kwenye kioo, na akaona. Mrija haukushuka katikati. Ulikuwa umekata kulia ukaingia pafuni, ncha yake imetulia mle. Lakini aliyemfunza kazi zamani zile alikuwa mkali, na neno lake lilikuwa moja: sisi tunapiga, hatusomi. Mpiga picha aliyejifanya daktari alichekwa mpaka akaomba uhamisho. Basi Marlys akajitia hamnazo. Akaituma kama picha ya kawaida, isiyo na haraka, akampapasa Aili begani, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nesi wa wodi alikuwa Brenna, msichana wa miaka ishirini na minne, ana wagonjwa tisa peke yake kwa sababu wenzake walikwama kwenye theluji. Akaona kwenye kompyuta kwamba picha imepigwa. Hakutazama kama imesomwa. Akafungua chakula kiende.

Daktari aliisoma baada ya saa mbili na robo. Aili alikufa Ijumaa, na hizo siku tatu alihema kama mtu anayezama, mumewe kamshika mkono.

Wiki iliyofuata Duane alifunga mlango wa ofisi.

"Sikiliza, Marlys. Kikao cha uchunguzi ni Alhamisi. Wakikuuliza kama uliona, wewe hukuona kitu. Si kazi yako kuona. Na cheti kinaonyesha umesoma somo hilohilo juzijuzi, mia kwa mia. Idara haina doa."

"Na Brenna?"

"Brenna kalisha kabla picha haijasomwa. Huyo kajimaliza mwenyewe."

"Ni mtoto yule, Duane."

"Na wewe ni mtu mzima, umebakiza miaka miwili upumzike. Unataka kwenda kuwaambia hawa watu nini? Kwamba sote hapa tunanakili? Usituletee ushujaa wa uzeeni."

Marlys alitoka. Hakuna aliyejua kwamba aliona isipokuwa yeye, na akinyamaza msichana angebeba lawama zote. Mchana ule alikaa kwenye kompyuta, akalifungua somo kwa mara ya kwanza. Ukurasa wa tano palikuwa na picha, mrija umekata kulia, ncha iko pafuni. Ungedhani ni Aili. Chini yake waliandika: zuia chakula, mpigie daktari sasa hivi; huku si kusoma picha, ni kumwokoa mtu. Alitazama saa alipomaliza. Alikuwa ametumia dakika ishirini na mbili. Aliona haya hata ya kukaa kwenye kile kiti, akalia, na mgonjwa aliyekuwa akisubiri nje akamsikia.

Alhamisi aliingia kikaoni na Faili la Kijani kwapani, akaliweka mezani. Akasema aliona, akasema somo hakulisoma. Wakamshukuru kwa ukweli wake. Leseni yake ikasimamishwa, Duane akaondolewa ukuu, na wenzake Marlys wa miaka mingi wakaanza kumpita dukani kama hawamjui. Brenna alifukuzwa vilevile.

Jumamosi akaenda kwa mzee Arvo. Alimkuta jikoni, kahawa iko mezani, na kando yake picha ya kifua ambayo hospitali ilimpa pamoja na karatasi nyingine za marehemu. Mzee aliweka kidole pembeni ya picha.

"Hii MK ni wewe, binti wa Kangas?"

"Ni mimi, mzee."

"Uliona?"

"Niliona."

Marlys akamweleza yote, mtihani, faili, majibu. Hakumtaja Duane wala Brenna.

"Kwa hiyo lilikuwepo somo," mzee alisema.

"Lilikuwepo."

"Refu?"

"Kurasa nane."

"Kulisoma kunachukua muda gani?"

"Dakika ishirini na mbili."

Mzee aliigeuza shingo polepole akatazama saa ya ukutani.

"Kaa," alisema. "Kaa hapo dakika ishirini na mbili."

Marlys akakaa. Mzee akakaa mbele yake, mikono juu ya meza, picha ya mkewe katikati yao. Hakumsemesha wala hakummiminia kahawa. Nje jirani alizoa theluji kwa koleo, kisha akamaliza, akaingia kwake. Marlys alitaka kusema samahani, akaona ni neno dogo mno, akalimeza. Zilikuwa ndefu dakika hizo, na mzee alizingoja zote.

Zilipotimia akainuka, akamletea koti lake.