Mtoto Aliyetangaziwa Kelele

Katika parsele ya akina Akimana, ua mmoja wa nyumba kadhaa mtaani Rugenge, hakuna aliyeangusha hata kifuniko cha sufuria bila kutoa habari. Mwenye kutwanga majani ya sombe aliita kwanza, "Chance, inakuya!" ndipo mchi ushuke. Mwenye kufunga mlango wa bati aliita vilevile. Mgeni akiingia alidhani ameangukia watu wa dini mpya.

Chance alikuwa mtoto pekee wa Akimana, wa miaka miwili na kidogo. Kelele ya ghafla, au kuguswa uso bila kutazamia, ilimkaza mwili mzima akawa kama ukuni, pumzi ikakatika. Daktari mmoja alimgonga ncha ya pua kwa kidole, kichwa kikaruka nyuma.

"Mama, ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu," alisema. "Amezaliwa nao. Wenye nao ni wachache sana duniani. Si pepo, wala si kosa lako."

Lakini kelele iliyotangazwa haikumshinda. Aliingoja amepandisha mabega, macho kayafumba, anacheka kabla haijafika.

Namna ya kumlegeza mtoto Akimana aliipata chini ya kitanda, siku vita iliposhuka mjini. Risasi zililia, Chance akakauka. Mahali penyewe palikuwa padogo, basi akamkunja kichwa na magoti pamoja ili waenee wote wawili. Pumzi ikarudi. Tangu hapo aliwafundisha majirani wote kumkunja.

"Wenye bunduki ndio hawana adabu," alisema Thaddée, jirani aliyeziba mabeseni yaliyotoboka. "Wanapiga bila kutangaza."

Siku moja Thaddée huyo aliinua nyundo, akapaza sauti: "Inakuya!" Nyuma ya ua palikuwa panapita doria ya askari. Wote wakajitupa chini kwenye matope. Mkubwa wao akainuka, tope mpaka kwenye masharubu.

"Nini inakuya?"

"Beseni, shefu," Thaddée akajibu, nyundo ingali hewani. "Ya Mama Louise."

Askari mmoja akashindwa kujizuia, akacheka, na wenzake wakamfuata. Toka siku hiyo doria ikikaribia, waliita wenyewe kutoka mbali: "Chance, inakuya! Ni sisi tu!"

Mtu mmoja tu hakuutaka mchezo huo: Nyandwi, mama mkwe wa Akimana. Yeye alikuwepo siku ya ubatizo, maji yalipogusa paji la mtoto naye akakauka, mpaka padri akaacha katikati ya maneno.

"Maji ya Mungu inamukataa," Nyandwi alisema. "Mama Chance, tutajaribu mara moja tena. Akikauka, minye mwenyewe ninamupeleka kwa watu wa maombi kule milimani. Watamufungisha kula, watamukemea mpaka hiyo kitu itoke."

Akimana aliwahi kuwasikia watu wale wakikemea. Walipiga makofi na kulia masikioni mwa mgonjwa usiku kucha. Chance asingerudi hai. Na mumewe Eugène, ambaye angeweza kumbishia mama yake, alikuwa amekwama Kigoma tangu vita ifunge njia ya ziwa.

Akamwendea Padri Kizito. "Padri, kabla ya kumwaga maji, umuambie kwanza."

"Nimuambie nini?"

"Inakuya."

Padri alikuna kidevu. "Haiko mu kitabu, mama." Akafikiri. "Lakini mu kitabu hawajaikataza."

Jumapili ilipofika, Nyandwi alitaka kumpakata mtoto mwenyewe, aone kwa macho yake. Padri akainua kikombe.

"Chance, inakuya!"

"Inakuya!" wakaitikia watu wote wa parsele kutoka benchi la nyuma.

Chance akapandisha mabega. Maji yakashuka mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mtoto akacheka, akalamba yaliyomfikia mdomoni.

Kwa furaha, Ndihokubwayo wa kwaya akaishukia ngoma yake kwa mikono miwili.

Chance akakauka.

Akimana alinyoosha mikono, lakini alichelewa. Nyandwi alikuwa ameshamkunja, kichwa kwa magoti, bila kupapasa, kama mtu aliyefanya hivyo siku nyingi wengine wakiwa sokoni. Pumzi ikarudi. Ndipo bibi akageukia kwaya.

"Weye Ndihokubwayo! Mutoto amemwagiwa maji ya Mungu mara tatu, amecheka. Ni ngoma yako ndiyo inataka kumuua! Kinywa yako ni ya kulia ugali tu? Sema kwanza!"

"Inakuya, mama," Ndihokubwayo akanong'ona.

"Usiniambie minye! Umuambie yeye."

"Inakuya, Chance!"

Na mtoto, angali mapajani mwa bibi yake, akapandisha mabega na kufumba macho.

Walipotoka nje Akimana akajikaza. "Mama, na ile safari ya kwa watu wa maombi?"

Nyandwi alikuwa anamfunga mjukuu mgongoni, hakugeuka.

"Wale?" alisema. "Wale wako na kelele mingi sana."