Gari Lililomkataa LaVonne

Mke wangu LaVonne, mgawa barua wa posta, ameendesha gari kwa mguu wa kushoto miaka thelathini na moja. Anakaa kiti cha abiria, ambacho huku kwetu kiko kulia, mkono wa kushoto kwenye usukani, mguu umevuka upande wa dereva kufikia breki, na mkono wa kulia unatoka dirishani kutia barua kwenye masanduku ya watu kando ya barabara. Masanduku mia mbili na themanini, siku sita kwa wiki. Sisi wa mashambani Nebraska tumemzoea hivyo hivyo.

Gari lake mwenyewe la kazi lilipomalizwa na kutu, mimi Milo, mjuaji wa nyumba hii, nilikwenda mjini nikarudi na jipya. Sikumuuliza. Nilitaka kumfurahisha.

"Mkono wa gia uko wapi?" akauliza.

"Siku hizi hakuna, mama. Unazungusha kitufe hiki, kama cha jiko."

"Na hili kabati katikati ya viti?"

"La kuwekea kahawa."

"Mguu wangu upite wapi, Milo?"

Nikamwambia gari lina kamera nne.

Jumatatu alijipenyeza hivyo hivyo. Gari likahisi kiti cha dereva ni kitupu, likakataa kuingia gia, likapiga kelele. Akazungusha tena, likakataa tena. Akashuka, akaburuta gunia la chakula cha mbwa, akaliketisha kwenye kiti cha dereva na kulifunga mkanda. Gari likakubali! Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Yeye hakucheka.

"Linaliamini gunia kuliko mimi," akasema, akaondoka.

Alhamisi alishuka kumpelekea mzee Emil dawa zake mlangoni. Uwanja wa Emil una mteremko. LaVonne alidhani ameliweka gari kwenye gia ya kuegesha, lakini kitufe kile kinazunguka tu, mkono hauhisi kimefika wapi, na alikiacha kwenye gia huru. Kama kiti kingekuwa kitupu, gari lingejizuia lenyewe. Lakini gunia lilikuwa limekaa pale na mkanda wake. Gari likateremka polepole na barua zote, LaVonne nyuma yake na miaka yake sitini na miwili, akilitukana, mpaka likaingia mtaroni.

Hakuna aliyeumia. Barua zililowa. Bibi Tietz, mkubwa wa posta yetu, si mtu mbaya, lakini alisema wazi, "Jumatatu uje na gari linalofaa, LaVonne. La sivyo njia yako nampa mwingine."

Alibakiza mwaka mmoja kustaafu. Alitaka aikabidhi njia ile kwa mkono wake, siyo kunyang'anywa kwa sababu ya kitufe.

Jioni hakugomba. Alisimama kwenye sinki akisugua tope kwenye viatu.

"Ungeniuliza tu," akasema. "Swali moja, Milo."

Jumamosi, alipokuwa anazungusha barua kwa gari la kuazima, nilijifungia ndani ya lile jipya. Nilikaa kiti cha kulia, nikavusha mguu juu ya kabati. Dakika tano hazijaisha, nyonga inawaka moto. Naona haya kulisema: miaka yote ile nimemsugua mguu ule kwa dawa, na sikuwahi hata siku moja kukaa anapokaa.

Nina pikapu langu la zamani. Kiti chake ni kimoja, kirefu, kutoka mlango hadi mlango, na gia iko kwenye usukani. Hata ndugu yangu nilimnyima. Jumapili, tuliporudi kanisani, niliondoa vifaa vyangu vyote vilivyokuwa ndani, nikaweka ufunguo mezani mbele ya kahawa yake.

Aliutazama. "Wewe utaendesha nini?"

"Lile la vitufe."

"Mungu akusaidie." Akauchukua. Hakunishukuru, na sikutegemea anishukuru. "Breki zake zinavuta upande?"

"Kidogo. Wa kulia."

"Vizuri," akasema, akivaa koti. "Kiti cha kulia kina mtu."