Kinyozi Aliyeshindwa Kukaa

Ndege iliwashusha saa mbili asubuhi katika nchi ambayo Mzee Kinyozi hakuwa na shida nayo. Alikuwa anapita tu. Ndege ya pili, ya kumpeleka kwa binti yake, ingeondoka saa kumi na moja jioni. Alihesabu kwa vidole, akahesabu tena, masaa yakabaki tisa yale yale.

Alikaa. Akasimama. Akaenda kuutazama ubao wa ndege ambao hakujua kuusoma, akarudi, akakuta kiti chake kimekaliwa na mtu anayekoroma. Akaenda msalani, si kwa haja yoyote. Akanawa mikono. Mikono ndiyo iliyokuwa ikimsumbua. Tangu afiwe haikujua pa kukaa.

Kwa miaka arobaini mikono hiyo ilinyoa watu. Alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa, na mke wake nyuma ya kibanda akifua taulo na kumpokeza. Hakusoma, lakini vichwa vya mtaa mzima alivijua kuliko wenyewe walivyovijua: nani ana kovu la utotoni, nani nywele zake zinageukia kushoto. Mke alipofariki, watu walikaa matanga, matanga yakaisha, akafungua kibanda. Mteja wa kwanza alikuwa mwalimu, jirani yake. Wembe ulipofika chini ya sikio, mkono ukatetemeka. Damu ikashuka hadi kwenye kola. Mwalimu alisema, "Si neno," akaaga vizuri, hakurudi tena. Kinyozi akatia kufuli mlangoni. Miezi minne sasa.

Ndipo binti alipompigia simu.

"Baba, utaishi hivyo mpaka lini? Kibanda hufungui, jikoni huingii. Njoo ukae kwangu. Kibanda tukirudishe kwa mwenyewe."

"Nitakuja kukutembelea."

"Sikusema kutembelea. Mwenye kibanda ana mtu anakitaka, anasubiri jibu. Ukitua tu, unipe neno moja. Ndiyo au hapana."

Neno hilo ndilo lililokuwa likimzungusha uwanjani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Akisema ndiyo, kibanda kimekwenda. Akisema hapana, atanyoa kwa mkono upi?

"Mzee wangu, utaitoboa hiyo sakafu."

Alikuwa mama mmoja mchuuzi wa nguo, mnene, mcheshi, ambaye walikaa naye safu moja ndegeni. Njia ile alikuwa ameipita mara nyingi hadi walinzi walimsalimia.

"Miguu imekufa ganzi, mwanangu."

"Ganzi gani, nimekuhesabia raundi kumi na mbili. Twende mjini. Mwenye ndege ya jioni anapewa kibali cha kutoka mpaka saa tisa. Mimi nina vifungo vya kununua, wewe utanibebea."

"Na nikipotea?"

"Ukipotea nitasema sikujui."

Mzee akajikuta anamfuata. Walipanga foleni dirishani, wakagongewa mihuri kwenye vikaratasi, wakapanda basi. Njia nzima alikuwa akikipapasa kikaratasi chake mfukoni, kipo, anakipapasa tena.

Duka la vifungo lilikuwa kwenye mtaa mwembamba wa maduka yaliyobanana. Mama wa nguo alivigeuza vifungo kimoja kimoja, akavitia dosari, akatoka, akaitwa, akarudi. Mzee alikaa juu ya boksi, akahama, akakaa juu ya jingine, likabonyea.

"Toka nje ukapunge upepo," mama akamwambia. "Usiende mbali."

Hakwenda mbali. Mlango wa pili tu kulikuwa na harufu ya povu la sabuni na spiriti, na miguu ikaingia bila kumwuliza.

Kinyozi wa mle ndani alikuwa mtu wa makamo yake, mwenye masharubu, na koti jeupe lililopigwa pasi. Kwenye kiti lilikuwa limetulia jitu moja lenye shingo nene, limefumba macho. Kinyozi yule alimwonyesha mgeni benchi. Mgeni akakaa, goti likaanza kuchezacheza lenyewe.

Kusema kweli yule bwana alijua kazi. Mkono wake ulikuwa mwepesi, wembe haukwami, unateleza. Lakini nywele za shingo ile zilikuwa zinalala kwa ubavu, na yeye alizipandia kutoka chini kwenda juu. Nyuma ya sikio la kulia kukabaki mstari. Mzee akausubiri mstari ule unyolewe. Haukunyolewa. Kinyozi akaanza kulifungua shuka shingoni kwa mteja.

Hapo mzee hakuvumilia. Aliinuka, akamwendea yule mteja, akakiinamisha kichwa chake pembeni kwa vidole viwili kama alivyofanya miaka arobaini, akaonyesha kwa kidole gumba.

Ndipo alipokumbuka kwamba kiti si chake, na kichwa si cha mteja wake. Mteja alifumbua macho. Kinyozi mwenyeji akasema maneno mengi, kwa sauti ya chini, ambayo hayakuhitaji kutafsiriwa.

Mama wa nguo akatokea mlangoni na furushi lake.

"Nimekuacha dakika mbili, umefanya nini?"

"Ameacha nywele. Pale. Zinalala kwa ubavu."

"Mzee, watu hawashikwishikwi vichwa ugenini." Akawageukia wale, akazungumza nao kwa lugha yao ya kuokoteza. Kinyozi mwenyeji alisikiliza, kisha akatabasamu upande mmoja wa masharubu, akamnyooshea mzee wembe, mpini mbele.

"Anasema kama unajua, malizia."

"Mwambie sinyoi siku hizi."

Mama akamwambia. Jibu likarudi haraka.

"Anasema ndiyo maana unawasumbua wanaonyoa."

"Na mwenye shingo anasemaje?"

"Anasema ana kazi ya kuwahi. Anyolewe na yeyote, mradi ni mmoja wenu."

Mzee akaupokea wembe. Kwenye kioo wote waliuona ukitetemeka. Tabasamu la kinyozi mwenyeji likafifia, lakini hakuuchukua tena wembe wake. Alisogea tu, akasimama nyuma.

Mzee akapaka povu. Akaegesha kidole cha mwisho kwenye taya, akaivuta ngozi kwa mkono wa kushoto. Kisha, bila kufikiri, akarudisha mkono nyuma, kiganja wazi, akasema, "Taulo."

Akajisikia amelitamka. Hakuna aliyekuwa nyuma wa kumpa taulo. Lakini kinyozi mwenyeji, ambaye neno lile hakulijua, mkono ule aliujua. Akaweka taulo la moto kiganjani.

Mzee alisimama nalo kitambo. Halafu mzee akaliweka taulo shingoni, akalibana, akaliondoa, akanyoa. Mkono ulitetemeka mpaka ulipogusa ngozi. Ukatulia. Mara tatu, kwa ubavu, na mstari ukaisha. Pale mwisho, alipokuwa ananyanyua wembe, ukatetemeka tena, na kitone chekundu kikachomoza, kidogo kuliko punje ya mtama.

Kinyozi mwenyeji akakigusa kwa jiwe la shabu, la kukausha damu. Mteja akajipapasa nyuma ya sikio, akasema kitu.

"Anasemaje?"

"Anasema inawasha."

"Nimemkata."

"Kidogo tu. Anasema huyu kinyozi wake humkata kila wiki, na yeye hajawahi kumtoroka."

Kinyozi mwenyeji akamrushia mteja wake taulo kichwani. Mzee akaufuta wembe, akaukunja, akaurudisha kwa mwenyewe kwa mikono miwili. Hawakuwa na lugha ya kuagana. Waliinamishiana vichwa tu, kila mmoja akaangalia cha mwenzake kilivyonyolewa nyuma ya masikio.

Kwenye basi la kurudi goti lilikuwa linacheza tena.

"Bado unahangaika?" mama akamwuliza. "Ni saa nane. Tutawahi."

"Simu yako inafika mbali?"

"Inafika."

Akamtajia namba ya binti yake kwa kichwa, mama akaibonyeza. Simu ikaita mara moja.

"Baba? Umepatwa na nini?"

"Sijapatwa. Nimetoka kumnyoa mtu."

"Mtu gani?"

"Simjui."

"Baba, umekula kitu?"

"Nisikilize. Kibanda usikirudishe."

"Na mkono?"

"Unatetemeka."

"Sasa itakuwaje?"

"Utatetemeka nikiwa nafanya kazi. Nikikaa bure pia unatetemeka."

Basi likapinda kona, furushi la vifungo likamlalia mapajani. Upande wa pili wa simu alisikia binti akivuta pumzi, kama mamake alivyokuwa akivuta kabla ya kukubali jambo asilolitaka.

"Ulikuwa uje kukaa, baba."

"Nitakaa wiki mbili."

"Mwezi."

"Wiki tatu."

"Nimesema mwezi. Na mwenye kibanda nampigia sasa hivi, kabla hujanigeuka."

"Mwezi," akasema mzee.

Akamrudishia mama wa nguo simu yake. Vituo vilikuwa vimebaki vinne, lakini aliinuka, akaenda kusimama karibu na mlango.